Sanduku la Mama Lilipojaa Maji

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mafundi nyumbani. Mmoja alikuwa akibadilisha bomba la bafuni, mwingine akirekebisha swichi za koridoni, na katika pilikapilika zao maji yakamponyoka wa kwanza yakaingia kwenye begi la wa pili. Sikuona ilivyotokea. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza: chuma kilicholowa, plastiki, na ile harufu ya sarafu ukiiweka mdomoni. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, mtu mzima mwenye watoto wawili, kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Usijali, dada," yule fundi umeme akaniambia, huku akiikung'uta mita yake. "Ngoja niijaribu kama inawaka."

"Usiwashe!" nikapiga kelele. "Usiwashe kitu chochote!"

Alinishangaa. Sikumweleza, maana ningeanzia wapi?

Ningeanzia Kizwite, kwenye nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, mwezi wa saba. Wenzangu mliokulia Sumbawanga mnaujua upepo wa mwezi wa saba. Unatoka huko uwanda wa juu ukiwa mkavu na baridi, unapasua midomo, na unayabeba maneno ya mtu kabla hujayasikia vizuri. Upepo ule una sehemu yake katika kesi hii, ingawa kwa miaka mingi niliibeba kesi yote peke yangu.

Mama yangu alikuwa fundi umeme. Leo nikisema hivyo watu wanatikisa kichwa, wanasema safi sana. Enzi zile waliniuliza, "Una maana baba yako?" Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi, na balbu ikiungua alikaa gizani akimsubiri mkewe arudi. Mama alitoka kwao Mbeya na cheti cha chuo cha ufundi na sanduku la bati la kijani alilotengenezewa na mafundi bati wa sokoni. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kila kitu: koleo, bisibisi za kila saizi, testa, drili, mita mbili za kupimia umeme, moja ya kisasa yenye kuonyesha namba na nyingine ya zamani yenye sindano ndani ya kioo, na kijidude cheusi chenye nyaya tatu ambacho niliruhusiwa kukitazama tu.

Mimi niliamini umeme unaishi mle. Kwa nini nisiamini? Mama alikwenda kwenye nyumba yenye giza akiwa na sanduku, akafungua, akachokonoa ukuta, na taa zikawaka. Akaondoka na sanduku. Mtoto wa miaka saba anahitaji ushahidi gani mwingine? Nililipita lile sanduku kwa adabu, kama unavyopita mbele ya mbwa wa jirani aliyelala.

Alhamisi hiyo Mama alikuwa nyumbani. Tulikuwa tunaingiza maji jikoni kwa mara ya kwanza, ili Bibi, mama yake baba, aache kubeba ndoo kutoka uani. Fundi bomba alikuwa ametoboa ukuta na kupitisha bomba ndani, halafu akagundua amesahau kiungo kimoja, akaenda kukitafuta dukani. Bomba likabaki wazi. Mama, kwa kuwa ukuta ulikuwa umeshachimbwa, aliona atumie nafasi hiyo kuhamisha soketi ya jikoni isije ikakaa karibu na maji. Alizima swichi kubwa, akapanda kwenye kigoda, na sanduku lake akaliacha sakafuni, wazi, chini kabisa ya lile bomba.

Mimi nilipewa kazi uani, chini ya mnara wa mbao wenye tangi.

"Atu, kaa hapa kwenye koki," Mama aliniambia. "Usiiguse mpaka nikwambie fungua. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilikaa. Niliikodolea macho koki ile kama mlinzi wa benki. Bibi alikuwa akipepeta ulezi karibu na mlango wa jikoni, na baada ya muda nilimsikia akiuliza kitu ndani. Mama akamjibu kwa sauti. Alichojibu ni "Nafunga!", maana yake anafunga skrubu za soketi. Kilichonifikia mimi, kikiwa kimepitia kwenye upepo wa mwezi wa saba, kilikuwa "Fungua!"

Nikaifungua. Kwa mikono miwili, mpaka mwisho. Nilisikia maji yakishuka ndani ya bomba na moyo wangu ukajaa fahari, kwamba ni mimi ninayeyapeleka maji jikoni kwa Bibi.

Kisha Mama akapiga kelele.

Nilipofika mlangoni, maji yalikuwa yanatoka ukutani kama mkia wa farasi, moja kwa moja ndani ya sanduku. Mafundi bati wa Sumbawanga ni mafundi kweli. Sanduku lile halikuwa na tundu hata moja. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni kama karai, na sponji ya kufutia mikono inaelea juu. Bibi alikimbia kufunga koki, akiongea Kifipa, ambacho kwake ni lugha ya hasira na ya sala. Mama hakusema neno. Alilipindua sanduku, vyombo vikamwagika sakafuni, akaanza kutoa betri kwenye mita, moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama mtu anayemvua mtoto nguo zilizoshika moto.

Kimya kile kiliniuma kuliko fimbo. Nilijua kwa nini. Wiki nzima nyumbani ilikuwa haizungumzwi habari nyingine ila mashine ya akina mama. Kikundi cha wanawake katika kijiji kimoja upande wa Mwazye walikuwa wamejenga nyumba ya mashine ya kusaga, matofali wamefyatua wenyewe, na walikuwa wamempa Mama kazi ya kuiwekea umeme. Nguzo zilikuwa zimefika kijijini kwa mara ya kwanza. Nyaya Mama alishazitandaza; kilichobaki ni kupima kila waya na kuunganisha mota. Jumanne mkaguzi wa umeme angekuja na vijana wake. Akiridhika, wanaunganisha siku hiyo hiyo. Asiporidhika, anaondoka na kijiji kinasubiri zamu nyingine, na zamu hiyo hakuna aliyejua ingekuja lini. Bibi alikuwa na dada yake kule, aliyebeba mahindi kichwani kwenda kusaga vijiji viwili mbele tangu akiwa msichana.

"Tuazime mita kwa yule fundi mwenzako," Bibi alisema hatimaye, kwa Kiswahili.

"Yuko Matai, Mama. Ana kazi huko wiki nzima, na vyombo vyake anavyo huko huko."

"Basi washa hiyo tuone kama imepona."

"Nikiiwasha sasa hivi na maji yake, nitaiua," Mama alisema. "Sasa hivi imezama tu."

Imezama. Niliyabeba maneno hayo mpaka nyuma ya choo, nikakaa nayo. Umeme ulikuwa umezama. Na mimi ndiye niliyeuzamisha.

Nilipokuwa nimekaa pale, muziki wa dukani ukakatika. Mashine ya kuchomelea ya jirani ikanyamaza. Sauti zikapanda kutoka nyumba kwa nyumba, zile sauti za kulalamika tunazozijua sote: "Aaah! Wamekata!" Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, jambo lililotokea kwetu kila wiki, lakini siku hiyo mimi nilijua sababu. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye sanduku letu ukasambaa.

Nilifikiri nitoroke. Halafu nikakumbuka mafundisho ya Bibi kwamba mkosaji huungama. Nikajifuta kamasi, nikaenda saluni kwa Mama Neema, jirani yetu, mwanamke wa Mbeya kama Mama, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilimkuta amesimama na mteja ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imenyooka na nusu bado inadondosha maji.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, Atu. Mbona umevimba macho?"

"Mimi ndiye niliyezima umeme. Nilikuwa sijui. Naomba mnisamehe."

Mteja aligeuka kunitazama na nusu zake mbili. Mama Neema aliuliza nimeuzimaje, nikamweleza yote: koki, sanduku, kuzama. Alijaribu kukaza uso. Alishindwa. Alicheka mpaka akakalia ndoo, na mteja naye akacheka, na mimi nikalia upya kwa sababu niliona wamenikatalia msamaha. Basi akanishika mkono akanirudisha nyumbani.

"Mama Atu," aliita akiwa bado uani, "nimekuletea mtu aliyezima Sumbawanga yote!"

Mama alikuwa amekaa juani juu ya gunia, mita zote mbili zimefunguliwa mbele yake, matumbo nje. Alisikiliza. Hakucheka. Alisogea akanipisha kwenye gunia.

"Njoo uone," alisema. "Unaona umeme hapa?"

Nilitazama. Kulikuwa na vibati vya kijani, viskrubu, waya mwembamba kama unywele.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna. Umeme unakuja kwenye nguzo, kutoka mbali. Huku kukatika leo ni mambo ya huko huko. Hivi vyombo ni vya kuuliza maswali tu. Umo au haumo? Unapita sawa au unavuja? Sasa vimelowa, haviwezi kujibu." Alipuliza kibati kimoja. "Na kosa la kwanza si lako, Atu. Fundi haachi sanduku wazi chini ya bomba. Kama ningekuwa chuoni, mwalimu angenifukuza darasani."

Sijui kama mnakumbuka siku ya kwanza mtu mzima alipokiri kosa mbele yenu. Mimi naikumbuka. Nilijisikia mwepesi, na papo hapo nikataka kazi.

Kazi zilikuwepo. Maji ya tangi letu yalikuwa na tope, kwa hiyo Mama alivisafisha vibati kwa spiriti na brashi ya mswaki mpya. Bibi alitaka vianikwe juu ya jiko kama mahindi ya mbegu, Mama akakataa: moto ungeyeyusha plastiki na moshi ungeingia ndani. Bibi akatoa ungo wake mkubwa, ule wa ulezi ambao hakuwahi kumwazima mtu, akautandika kanga safi, na vyombo vikalazwa humo, kila kimoja na skrubu zake kwenye kifuniko cha soda. Mimi nilikuwa mlinzi wa vifuniko. Jua likisogea, tunasogeza ungo. Upepo ule ule ulioharibu maneno ya Mama ulipita juu ya vile vibati siku tatu, mkavu kama majivu, na Mama alisema hata Dar es Salaam huwezi kununua kikaushio kama hicho. Koleo na bisibisi nilizifuta mwenyewe kwa mafuta ya cherehani aliyotupa Mama Neema, mpaka zikateleza mikononi.

Jumapili baada ya misa Bibi aliuliza, "Leo?"

"Kesho," Mama alisema. "Anayeharakisha ndiye anayeua."

Jumatatu asubuhi tulikaa sote watatu kwenye mkeka. Drili ilikuwa ya kwanza. Ilikohoa, ikatoa harufu mbaya, ikanguruma. Bibi akapiga makofi. Mita ya namba ilikuwa ya pili. Kioo chake kilionyesha doa jeusi linalokua polepole kama wino, halafu basi. Mama aliiweka pembeni. Kile kijidude cheusi chenye nyaya tatu nacho hakikujibu. Mama alikigeuza, akakitikisa karibu na sikio, akakiweka juu ya mwenzake. Ikabaki mita ya sindano, ile kuukuu, aliyopewa na mwalimu wake alipomaliza chuo. Alifunga skrubu ya mwisho niliyompa, akaweka betri, akazigusanisha ncha za nyaya zake mbili.

Sindano haikusogea.

Mama alikigonga kioo kwa ukucha, taratibu, mara moja, mara mbili. Sindano ikatetemeka. Ikanyanyuka. Ikaruka mpaka mwisho wa kioo ikasimama hapo, wima, na Bibi akafanya ishara ya msalaba na mimi nikarukaruka mpaka nikamwaga chai ya kila mtu.

"Moja inatosha," Mama alisema. Nilimwona akifuta jicho kwa kiwiko.

Jumanne tulipanda gari dogo la mizigo, Bibi mbele na mita ya sindano mapajani, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Nyumba ya mashine ilikuwa imezungukwa na watu tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Sabina, mwanamke mrefu mwenye viganja vya mtu aliyefyatua matofali, alitupokea. Mama alimvuta pembeni na mimi nikawafuata.

"Dada, nisikufiche," alimwambia. "Vyombo vyangu vililowa, viwili vimekufa. Kimojawapo, kidude cheusi, ndicho kingeniambia nyaya tatu za mota zinafuatanaje. Kwa hiyo inawezekana mota ikaanza kuzunguka kinyume. Ikitokea hivyo, haijaharibika, na mimi najua la kufanya. Usishtuke."

Mama Sabina aligeuka akawatazama watu waliozunguka nyumba. "Nikishtuka, wote wataona," alisema. "Basi sitashtuka."

Mama alipima kila waya kwa ile sindano, saa nzima, akiandika kwenye daftari. Mkaguzi alipofika, mtu mkimya mwenye miwani, aliangalia ukuta, swichi, waya wa ardhini.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi," Mama alisema.

"Namuulizia fundi."

"Ndiye mimi."

Mkaguzi alivua miwani, akaivaa tena. Alipima na mita yake mwenyewe, mpya, yenye namba. Kila alipopata jibu aliangalia daftari la Mama, na kila mara aliandika kitu. Nilikuwa nimemng'ang'ania Bibi sketi. Mwisho akaigeukia ile mita kuukuu kwenye kitenge.

"Umepima na hiyo?"

"Na hii."

"Mmh," alisema, akatia sahihi.

Vijana wake waliunganisha. Ndipo Mama akamwomba mtu wa kusimamia mashine, mzee mmoja aliyeletwa kutoka Matai kwa uzoefu wake, aondoe mkanda unaounganisha mota na kinu. Mzee alishangaa. "Mkanda uondoke kwa nini, binti? Unaogopa mashine?"

"Nataka mota izunguke peke yake kwanza, mzee wangu."

Aliutoa huku akiguna. Mama akawasha. Mota ikanguruma, ikazunguka, na kila mtu akaona inazunguka kinyume na mshale mwekundu uliochorwa juu yake.

"Si nilisema!" baba mmoja mlangoni akapaza sauti. "Nilisema tangu mwanzo, kazi hii si ya mwanamke!"

Nilimtazama Mama Sabina. Alikuwa amekunja mikono, uso umetulia kama ukuta wa nyumba yake. Mama alizima swichi kubwa, akapima kuhakikisha waya hauna umeme, sindano ikalala. Akafungua kifuniko, akazichukua nyaya mbili kati ya tatu, akazibadilisha nafasi. Hakuna kingine. Haikuchukua muda wa kumenya viazi vinne. Akafunga, akawasha.

Mota ikazunguka kuufuata mshale.

Yule mzee wa Matai aliisogelea mota, akainama, akatazama kwa makini. Kama mkanda ungekuwepo wakati ule wa kwanza, kinu kingezungushwa kinyumenyume, kikavunjika, na yeye akiwa amesimama palepale. Naye alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliurudisha mkanda kwa mikono yake, akaukaza, halafu akanyooka na kusema kwa sauti iliyofika mpaka nje, "Fundi! Njoo uangalie, umekaa sawa?"

Si binti. Fundi.

Dada yake Bibi ndiye aliyepewa debe la kwanza. Alimwaga mahindi, na kinu kikanguruma, na unga ukaanza kushuka, mweupe, wa moto, unanukia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitika. Wengine walikuwa wanalia, nami nikaogopa nikidhani kuna kitu kimeharibika tena.

"Bibi, kimefanya nini?"

"Kimesaga," Bibi alisema, na yeye analia. "Kimesaga, mjukuu wangu."

Tulipotoka nje, yule baba wa mlangoni alikuwa bado yupo, amesimama peke yake, kofia mkononi. Alikohoa.

"Fundi," alisema, akiangalia viatu vyake. "Na kwangu utakuja lini? Nguzo imepita karibu kabisa."

"Baba, kwenye foleni ya kuwekewa umeme uko nyuma ya akina mama kumi na wanne," Mama alimjibu. "Lakini kama ni karibu, twende nikapaone."

Akaanza kutembea, unga umemjaa kwenye nywele, na yule baba akaichukua ngazi ya Mama iliyoegemea ukutani, akaitia begani, akamfuata nyuma.